Safari za Mshelisheli

Katika masoko ya Unguja na Pemba, hasa mwezi wa Ramadhani, huonekana tunda kubwa la rangi ya majani mabichi, lenye ganda lililogawanyika vijipande vidogo vidogo mithili ya gamba la kasa. Watu hulichoma juu ya makaa, hulikaanga, hulichemsha, au hulipika kwa tui la nazi likawa futari. Jina lake ni shelisheli, na jina hilo halikufichi njia liliyopitia. Kwani ni jina la visiwa vilivyo mashariki ya pwani hiyo, vilivyotawaliwa na Wafaransa, kisha na Waingereza, hata vikapata uhuru mwaka 1976. Desturi ya lugha ndiyo hiyo: mgeni akishuka pwani bila jina linalojulikana, huitwa kwa jina la bandari aliyotokea. Ndivyo nguo ya pamba iliyoletwa na merikebu za Wamarekani ilivyoitwa marekani, wala hapana aliyeuliza pamba yenyewe ililimwa na nani.

Lakini hata huko Shelisheli mti huu ulikuwa mgeni. Kwao ni mbali zaidi, katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki, na safari yake iliyo kubwa kuliko zote haikuelekea Afrika, bali ilizunguka nusu ya dunia kwenda visiwa vya Karibi, kulisha watu waliotolewa Afrika kwa nguvu. Kwa ajili ya safari hiyo zilitengenezwa merikebu maalumu, yakatokea maasi baharini, wakafa watu, na mwisho wa taabu zote hizo walioletewa tunda hawakulitaka.

Mshelisheli ni wa ukoo mmoja na mfenesi, na wataalamu wa mimea huuita Artocarpus altilis. Jamaa yake wa mwituni ungali unaota New Guinea. Matunda yake yamejaa kokwa, na hizo kokwa ndizo zinazoliwa. Wazee wa Wapolinesia walipokuwa wakihama kisiwa hata kisiwa kuelekea mashariki, vizazi kwa vizazi, walichukua miche ndani ya mitumbwi yao, na kila walipofika walichagua miti iliyokuwa na nyama nyingi zaidi na kokwa chache zaidi. Hata huko mwisho wa safari, Tahiti na visiwa jirani, wakawa na miti ambayo matunda yake hayana kokwa kabisa. Hapa ndipo penye siri ya habari yote inayofuata. Tunda lisilo kokwa ni raha kwa mlaji, walakini ni mti usioweza kuzaa wenyewe. Ndege hawezi kuupanda, mawimbi hayawezi kuuchukua, wala msafiri hawezi kutia mbegu zake mfukoni akaenda nazo kwao. Hauna budi kuchukuliwa u hai, na mizizi yake, na udongo wake, na kunyweshwa maji matamu njia nzima.

Namna ya kuuzalisha haina mizungu mingi, ila yataka subira. Mizizi ya mshelisheli hutambaa karibu na uso wa ardhi. Mkulima huifukua mahali pamoja, huitia jeraha kwa chuma au kwa jiwe, na penye jeraha huota chipukizi. Chipukizi likisimama vema hukatwa pamoja na kipande cha mzizi, likapandwa penye kivuli na unyevu mpaka lishike mizizi yake mwenyewe. Na baada ya miaka mitatu hata mitano mti huanza kuzaa. Kila mti uliopatikana hivyo si mtoto wa ule wa kwanza, bali ni ule ule wa kwanza umeendelea mahali pengine. Watu wa Tahiti, ambao huuita mti huo uru, waliyajua haya yote kabla Mzungu yeyote hajawafikia. Walikuwa na aina nyingi, kila moja na jina lake na majira yake. Walitumia utomvu kuzibia mitumbwi, na gome kufanyia nguo. Na matunda ya msimu wa neema waliyafukia mashimoni yakachacha yakawa donge la kuwekea siku za njaa, chakula kiitwacho mahi. Katika masimulizi yao mti huu ulitokana na mtu, Ruataata, aliyewahurumia mke na watoto wake wakati wa njaa, akajigeuza mti katika bonde moja la kisiwa cha Raiatea: mikono yake ikawa matawi, na kichwa chake tunda. Watu wenye hadithi kama hiyo hawakudhani kamwe kwamba chakula chao huja bure.

Wageni waliona vingine. Mwingereza William Dampier alilikuta tunda hili Guam mwaka 1686, akalieleza katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1697. Kisha mwaka 1769 merikebu Endeavour, chini ya nahodha James Cook, ilitia nanga Tahiti ili wataalamu waitazame sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua. Na miongoni mwa abiria alikuwamo kijana tajiri, Joseph Banks, mpenda mimea. Habari walizorudi nazo Uingereza zilikuwa za kusisimua: kwamba kuna nchi ambako mkate huchumwa mtini, na kwamba mtu akipanda miti kumi ya namna hiyo katika maisha yake ametimiza wajibu wake kwa kizazi chake na kwa kizazi kijacho. Kazi ya uteuzi ya mamia ya miaka, na vitalu, na mashimo ya kuhifadhia, hayo hayakutiliwa maanani. Kilichobaki katika fikira za wasomaji wa London ni chakula kisicho na jasho.

Na walikuwako watu waliokuwa wakitafuta chakula cha namna hiyo kwa udi na uvumba. Wenye mashamba ya miwa katika Jamaika, Saint Vincent na visiwa vingine vya Karibi walikuwa na watumwa kwa malaki, na ardhi yote iliyo njema walitaka kuitia miwa. Samaki wa chumvi na nafaka za kuwalishia watumwa zilinunuliwa kutoka makoloni ya Amerika ya Kaskazini. Makoloni hayo yalipoasi na vita vikapiganwa kutoka 1775 hata 1783, njia ya chakula ikakatika. Na vita vilipokwisha, Serikali ya Uingereza ikazikataza merikebu za Wamarekani kufanya biashara na visiwa hivyo. Juu ya hayo zikaja tufani, moja baada ya nyingine, tangu mwaka 1780 mpaka 1786, zikaiangusha migomba yote. Baraza la kutunga sheria la Jamaika, ambalo lilikuwa baraza la wenye mashamba wenyewe, lilikadiria kwamba watumwa 15,000 walikufa katika kisiwa hicho kimoja kati ya mwaka 1780 na 1787 kwa njaa na kwa maradhi yaletwayo na njaa.

Idadi hiyo haifai kupitwa mbio. Waliotajwa ni watu, lakini waliotoa hesabu waliitoa katika lugha ya hasara. Barua walizomwandikia Banks, tangu ile ya Valentine Morris ya mwaka 1772 mpaka zile za Hinton East wa Jamaika, zilitaja faida ya kuwa na chakula kisichoagizwa ng'ambo na kisichochukua siku za kazi shambani. Mtu aliyesoma barua hizo akaziita za huruma atakuwa ameisoma nusu yake. Mtumwa alikuwa mali, na mali isiyokula haifanyi kazi. Mti unaozaa mkate ungeshusha gharama ya kuihifadhi mali hiyo.

Banks, ambaye kufikia wakati huo alikuwa Rais wa Royal Society na mshauri wa Mfalme George wa Tatu katika mambo ya bustani ya Kew, akaishawishi Serikali. Mwaka 1787 ikanunuliwa merikebu ndogo ya biashara, urefu wake futi 90 hivi, ikapewa jina Bounty, na uongozi wake akapewa Luteni William Bligh, aliyekuwa amesafiri na Cook. Sebule kubwa ya nyuma, ambayo kwa desturi ni makao ya nahodha, ikageuzwa kitalu. Sakafu ikatandikwa mabamba ya risasi. Juu yake zikajengwa rafu zenye matundu 629, kila tundu la kushika chungu kimoja. Na pembeni yakatiwa mabomba ya kurudisha maji yaliyochuruzika ndani ya mapipa, yapate kutumiwa tena. Banks akaagiza kwamba mnyama yeyote wa kufugwa asiingizwe merikebuni, asiwe mbwa, wala paka, wala kima, wala mbuzi, isipokuwa wale wa kuliwa waliofungiwa matunduni mwao. Na mabaharia wasinung'unike kwa sumu ya panya. Bligh na maafisa wake wakasongamana mbele kupisha vyungu ambavyo bado vilikuwa vitupu. Ni nadra katika habari za bahari kuona wanadamu wakipewa nafasi finyu kwa ajili ya udongo.

Waling'oa nanga tarehe 23 Desemba 1787. Kwa muda wa mwezi mmoja hivi walishindana na pepo za Rasi ya Horn, zikawashinda. Wakageuka, wakapita Rasi ya Tumaini Jema, na tarehe 26 Oktoba 1788 wakafika ghuba ya Matavai, Tahiti. Hapo Bligh alifanya jambo la werevu. Hakuomba miche. Aliwapa wakuu zawadi, kisha akangoja mpaka mmoja wao, Tynah, alipouliza ampelekee nini Mfalme George kwa kulipa wema wake. Bligh akataja vitu kadhaa, na miongoni mwavyo akautaja mti ule. Tynah akafurahi kusikia kwamba mfalme mkuu kiasi hicho huridhika na kitu kilicho tele namna ile. Hakuambiwa mashamba ya miwa ni nini, wala ni nani watakaokula.

Kazi ya kitalu ilikuwa ya David Nelson, mtunza bustani aliyekuwa amewahi kufika Pasifiki katika safari ya tatu ya Cook, na msaidizi wake William Brown. Hawa walijifunza kwa wenyeji chipukizi lipi lifaalo na lipi lisilofaa, na wenyeji waliwasaidia kuchimba. Lakini mche uliotoka kukatwa hauwezi kupandishwa merikebuni siku hiyo hiyo. Sharti kwanza ushike udongo, na majira ya pepo nayo yalikuwa yakingojewa. Wakakaa majuma 23. Walipoondoka mwezi wa Aprili 1789 walikuwa na miche 1,015 katika vyungu 774, mapipa 39 na masanduku 24.

Yaliyofuata yameandikwa mno, na sinema zimetengenezwa, hata watu wengi huijua Bounty wasijue ilikuwa imebeba nini. Tarehe 28 Aprili 1789, karibu na kisiwa cha Tofua katika Tonga, Fletcher Christian na wenzake waliasi, wakamtia Bligh na watu 18 katika mashua yenye urefu wa futi 23, ambayo kwa ajabu ya ubaharia aliifikisha Timor tarehe 14 Juni. Waasi waliitupa miche baharini. Sababu za maasi zinabishaniwa hata leo: wengine husema ni ukali wa ulimi wa Bligh, wengine raha ya Tahiti. Ila katika hesabu za sababu haifai kulisahau lile la mti wenyewe, kwani laiti shelisheli lingekuwa na kokwa, merikebu ile ingekaa Tahiti majuma mawili, ikajaza maji na mbegu, ikaondoka kabla baharia yeyote hajazoea kulala nchi kavu. Nelson, aliyebaki mwaminifu, alifika Timor akiwa amedhoofika, akafa huko mwezi wa Julai. Brown alikwenda na waasi mpaka kisiwa cha Pitcairn, na huko aliuawa mwaka 1793. Hivyo bustani ile ya kwanza ilipotea pamoja na watunzaji wake wote wawili.

Mtu asiye na Banks nyuma yake asingalipewa safari ya pili, Bligh alipewa. Mnamo tarehe 3 Agosti 1791 alitoka Uingereza na merikebu mbili, Providence na Assistant, safari hii akiwa na askari wa kulinda amri yake. Majuma matatu baadaye, katika koloni la Wafaransa la Saint-Domingue, watumwa waliinuka wakachoma moto mashamba ya miwa, wakaanzisha vita vilivyoizaa nchi ya Haiti mwaka 1804. Mwaka uliofuata, ilhali Bligh yuko Tahiti akijaza vyungu, Bunge la Uingereza lilikuwa likisomewa maombi ya watu kwa maelfu wakitaka biashara ya watumwa ikomeshwe. Chakula cha watumwa kilikuwa njiani wakati utumwa wenyewe umekwisha kuanza kutikisika.

Providence ilifika Tahiti mwezi wa Aprili 1792, na katika miezi mitatu watunza bustani James Wiles na Christopher Smith wakakusanya miche 2,126 ya mshelisheli, mbali na mimea mingine. Njia ya kurudi ilipita Mlango-bahari wa Torres, mahali pa miamba na mikondo, na huko maji matamu yakapungua. Miche haikupunguziwa, waliopunguziwa ni watu. Matthew Flinders, ambaye baadaye alisifika kwa kuzunguka Australia, alikuwamo katika safari hiyo angali kijana, na alisimulia jinsi yeye na wenzake walivyolala katika ngazi na kulamba matone yaliyodondoka kutoka ndoo za kumwagilia maji. Na ingawa walivumilia hayo, miche ilizidi kufa, kwa joto, kwa chumvi ya mawimbi, na kwa urefu wa njia. Iliyofika Karibi haikutimia 700.

Tarehe 23 Januari 1793 Providence iliingia Kingstown, Saint Vincent, palipokuwa na bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1765, chini ya uangalizi wa Alexander Anderson. Sehemu kubwa ya miche ikateremshwa hapo. Iliyobaki ikapelekwa Jamaika mwezi wa Februari, ikagawanywa katika bustani za Serikali na mashamba ya watu. Hinton East, aliyeandika barua nyingi kuuomba mti huo, alikuwa amekwisha kufa. Baraza la Jamaika lilimzawadia Bligh gini 1,000, na mwaka 1794 Chama cha Sanaa cha London kikampa nishani ya dhahabu.

Katika merikebu ile alikuwamo mtu ambaye hakupata zawadi. Jina lake limeandikwa Paupo, kijana wa Tahiti aliyejificha merikebuni ilipokuwa ikiondoka kwao. Alipogunduliwa Bligh hakumrudisha, kwa kuwa aliona atawafaa watunza bustani. Jamaika Wiles alibaki kuwa mwangalizi wa bustani ya Bath, na Paupo akaachwa pamoja naye aitunze miche. Kwani katika kisiwa kizima hapana mwingine aliyeujua mti huo tangu utotoni. Alikufa mwaka ule ule wa 1793. Katika habari za mshelisheli huyu ni Mtahiti aliyefika na mti wake mpaka mwisho wa safari, na habari zake hazijazi ukurasa mmoja.

Miti ilishika, na baada ya miaka michache ikazaa kwa wingi. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba kuuleta mti ni jambo moja na kuulisha watu ni jingine. Watumwa hawakulipenda shelisheli. Waandishi wa wakati ule wanasema walipendelea ndizi na viazi vikuu, na mashelisheli wakapewa nguruwe. Sababu iliyotajwa mara kwa mara ni ladha, na yamkini ladha ilikuwa na sehemu yake. Mtu hupenda alichozoea, na ndizi, viazi vikuu na magimbi vilikuwa vyakula vya Waafrika tangu makwao. Lakini hoja ya ladha haitoshi, kwa kuwa watu wenye njaa hujifunza ladha mpya upesi.

Yafaa kuitazama ardhi. Katika Jamaika mtumwa alikuwa na kishamba chake cha chakula, mara nyingi mlimani mbali na miwa, alicholima siku za Jumapili na siku nyingine chache alizoachiliwa. Kisheria hakikuwa chake; kwa mazoea kilikuwa chake. Alichovuna alikula, na kilichozidi alikipeleka soko la Jumapili akakiuza, na fedha alizopata zilikuwa zake. Soko hilo lilikuwa kubwa hata miji ya kisiwa ililishwa nalo. Sasa huletwa mti wa bwana, uliopandwa kwa amri ya bwana, karibu na nyumba ya bwana, unaozaa chakula cha kugawiwa kwa amri yake. Viazi vikuu huchimbwa vikawekwa miezi. Shelisheli likiiva halingoji juma. Viazi vikuu vina bei sokoni. Shelisheli lililojaa kila shamba halina. Na zaidi ya hayo, kama chakula kingetoka mtini bila kulimwa, bwana angekuwa na haja gani ya kumwachia mtumwa siku zake za kulima? Mti uliosifiwa kwa kuondoa jasho ungaliweza kuondoa pamoja nalo saa chache alizokuwa nazo mtu peke yake. Watumwa hawakuacha maandishi juu ya jambo hili, lakini matendo yao yanasomeka, na aliyeyasoma akaona tumbo tu ameona kidogo.

Mimea mingine iliyoingia Jamaika kwa njia ya unyonge ilipokelewa vizuri zaidi. Mwembe uliingia mwaka 1782, baada ya merikebu za Waingereza kuiteka merikebu ya Kifaransa iliyokuwa ikichukua mimea kutoka Morisi. Mimea hiyo ilikuwa na nambari badala ya majina, na aina moja ya embe katika kisiwa hicho huitwa Nambari Kumi na Moja hata leo. Mti wa ackee ulitoka Afrika Magharibi kwa merikebu ya watumwa, na mwaka 1778 miche yake ilinunuliwa kwa nahodha mmoja. Hapana mfalme aliyeugharimia, wala baraza lililotoa gini. Watu waliujua, wakaupanda, wakala. Bligh alipoondoka Jamaika mwaka 1793 alichukua mmea wa ackee akaupeleka Kew, na wataalamu wakautia jina lake: Blighia sapida. Basi jina la Bligh limekaa katika mti alioukuta, si katika ule alioufuata kwa safari mbili na kwa roho za watu.

Wafaransa nao walikuwa wakishindana katika uwanja huo huo. Pierre Poivre aliufanya Morisi kuwa kituo cha mimea ya mashariki. Mwaka 1770 alipata huko mikarafuu na mikungumanga ya Maluku, na ni kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa mikarafuu ilikofika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Mishelisheli isiyo na kokwa waliitwaa Tonga mwaka 1793, katika msafara uliokuwa ukimtafuta baharia aliyepotea, La Pérouse. Mashelisheli ya Bahari ya Hindi yana uhusiano na juhudi hizo zaidi kuliko na za Bligh. Huko Shelisheli watu humwambia mgeni kwamba akila tunda hilo hana budi kurudi.

Katika Karibi mambo yaligeuka polepole, na hayakugeuzwa na watunza bustani. Sheria ya kukomesha utumwa ilianza kazi mwaka 1834, na watu wakawa huru kabisa mwaka 1838. Wengi waliyaacha mashamba ya miwa wakatafuta viwanja vyao vilimani, na katika viwanja hivyo walipanda miti, na miongoni mwa miti hiyo ukawamo mshelisheli. Mti ni ule ule, na tunda ni lile lile, na moto wa kuchomea ni ule ule; kilichobadilika ni mwenye kiwanja. Aliyekuwa hawezi kupanda mti kwa kuwa hakuwa na hakika ya kuwapo mwaka wa tano, sasa alipanda kwa ajili ya mtoto wake. Leo katika Jamaika shelisheli lililochomwa moto mpaka ganda likawa jeusi huliwa pamoja na ackee na samaki wa chumvi: tunda la Tahiti, tunda la Afrika Magharibi, na samaki wa bahari ya kaskazini ambaye zamani alinunuliwa kuwa posho ya watumwa. Katika Saint Vincent shelisheli la kuchoma na samaki wa kukaanga ndicho chakula kinachotajwa kuwa cha taifa.

Kwa kuwa miti yote hiyo ilitokana na mizizi, mishelisheli isiyo na kokwa ya Karibi imetoka katika aina chache mno kati ya nyingi zilizokuwako Pasifiki. Katika miaka hii kazi ya kuzikusanya aina nyingine imefanywa hasa Hawaii, ambako mtaalamu Diane Ragone alitumia miaka mingi akizunguka visiwa na kuwauliza wazee majina ya miti. Katika kisiwa cha Maui hutunzwa aina zaidi ya mia moja, na mwaka 2003 ilianzishwa taasisi maalumu ya mshelisheli. Siku hizi miche huzalishwa katika chupa za maabara kutokana na kipande kidogo cha chipukizi, haina udongo wala wadudu, na husafirishwa kwa ndege hata Afrika na Karibi. Safari iliyomchukua Bligh miezi sita huchukua siku chache, na hapana anayelamba matone ngazini.

Katika bustani ya Kingstown unatunzwa mshelisheli ambao husemwa ni chipukizi la chipukizi la miti iliyoshushwa kutoka Providence. Merikebu yenyewe ilivunjika mwambani karibu na kisiwa cha Miyako, Japani, mwaka 1797. Mti unazaa.